Uzito wa Shangazi

Shangazi aliondoka nyumbani amekasirika, akasafiri amekasirika, na alipofika kambini asubuhi ile hasira ilikuwa bado mbichi kabisa. Lori la mizigo lilimshusha mahali barabara inapoishia, akavuka daraja la magogo kwa miguu yake, akapanda hadi kwenye shule ambako wajitoleaji walikuwa wameazimwa darasa moja la kulala. Mlangoni alimkuta mtoto wa kaka yake kakaa kwenye dawati, vidole vimejaa plasta, suruali ya mwanaume imelala mapajani mwake, anatunga uzi kwenye sindano. Hakupiga hodi wala hakungoja shikamoo.

"Fungasha," alisema. "Lori linageuza alasiri."

Sindano alisimama, akakaa, akasimama tena. Ndilo jina walilompa pale kambini, kwa kuwa hakuna aliyeitwa jina la kwao, na mtu mwembamba kiasi kile ambaye kazi yake ni ushonaji, jamani, angeitwa nini kingine. Nyumbani alikuwa ameaga mwezi mmoja tu. Alisema anakwenda kujitolea na kikundi kinachozunguka vijiji vya mbali, vile ambavyo gari likifika watoto wanatoka kulitazama, kutengeneza njia za miguu na kupanga ngazi na mabenchi kwenye hifadhi za misitu. Mwezi ukaisha. Kikundi kikahamia kijiji kingine, naye akahama nacho. Wateja wake kule mjini wakawa wanapita mbele ya mlango uliofungwa, wanamwuliza Shangazi nguo zao, na Shangazi akawa hana jibu ila kujitia kikohozi.

"Na hiyo suruali ni ya nani?" Shangazi aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo Sindano aliijua tangu utotoni na kuiogopa kuliko fimbo.

"Ya mpishi, Shangazi. Naipunguza kiuno."

"Ya mpishi. Kwa hiyo siyo ya huyo mwingine."

Kumbe habari zilikuwa zimeshafika. Sindano alihisi masikio yanawaka moto. Huyo mwingine aliitwa Kimya, na aliitwa hivyo kwa haki. Kwao alikuwa mwoka mikate, ana tanuri lake analoendesha na mdogo wake, na kila mwaka, msimu wa biashara ukilegea, anamwachia mdogo wake tanuri na kuja kupanga mawe. Mwezi mzima wa kwanza hakumsemesha Sindano neno lolote zaidi ya "pisha" na "shika hapa". Halafu jioni moja, wakiwa wanaosha mikono kwenye ndoo moja, alimwambia, bila utangulizi, kwamba siku ambazo yeye Sindano hayupo kwenye njia kazi haiendi. Akachukua sabuni, akaondoka. Sindano alibaki pale na mikono yake majini mpaka maji yakapoa, na tangu siku hiyo hakuwa mzima tena.

Angeweza kumwambia Shangazi kwamba hataki kurudi. Watu wazima husema hivyo. Lakini Shangazi ndiye aliyemchukua angali anatambaa, baba na mama hawapo tena, akamlea kwa mgongo wake, akamnunulia cherehani ya kwanza akajinyima mwenyewe. Shangazi akisema hapana, basi ni hapana, na Sindano angepanda lile lori akilia, na angepanda kweli. Alilijua hilo. Hata Kimya alilijua, maana alikuwa amemwuliza wiki iliyopita, naye akamjibu hivyo hivyo.

Shangazi alitaka aonyeshwe. Wakatoka nje, wakafuata njia hadi chini ya kilima, mahali ngazi mpya za mawe zinapoanza kupanda kupitia msituni mpaka kwenye maporomoko ya maji. Ilikuwa kazi ya miezi kadhaa. Akina mama wa kijiji wangezipanda kila siku na ndoo zao, na wageni wangezipanda kwenda kupiga picha, na kesho yake asubuhi kijiji kilikuwa kikabidhiwe njia yake. Kimya alikuwa anashuka na jiwe begani. Alipowaona alilitua taratibu, akajifuta mikono kwenye shati, akainama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Shangazi yako ni nani?" Shangazi alisema. "Marahaba. Mimi na wewe hatujafika huko."

"Samahani, mama," alisema Kimya, akanyamaza. Mwanaume mwingine angejaza hapo maneno ya kuulizia safari na afya na watu wa nyumbani. Yeye alisimama tu akimwangalia Shangazi usoni kwa heshima, kama mtu anayengoja mkate uive. Shangazi akageuka kwa Sindano akamwuliza, na wala hakupunguza sauti, kama huyu bwana ana hitilafu.

"Ndivyo alivyo, Shangazi."

"Na mwanaume anayebeba mawe ya watu bure, siku mkikosa unga nyumbani kwenu atabeba nini?"

Kabla Sindano hajajibu, kule juu palitokea kelele, na hapo ndipo siku ile ilipoharibika.

Inabidi nieleze sheria moja ya kikundi kile, la sivyo mtaona nawatania. Jiwe la ngazi likishapangwa, halihesabiki kuwa limekaa mpaka likanyagwe na mtu mzito kuliko wote kambini. Anasimama juu yake, anaruka katikati, anaruka kushoto, anaruka kulia. Likitikisika, linang'olewa. Likitulia, linatiwa alama ya chokaa. Na neno la mkanyagaji ndilo la mwisho, hata kiongozi habishi. Mkanyagaji wa kikundi alikuwa mpishi, baba mmoja mcheshi waliyemwita Tani, na kwa heshima hiyo aliongezewa chakula kila mlo bila mtu kununa.

Tatizo ni kwamba Tani alikuwa amekonda. Kupanda na kushuka kilima kile kutwa na masufuria kulikuwa kumemla kidogo kidogo, na aliyejua ni Sindano peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpunguzia suruali kwa siri. Tani alimbembeleza asiseme. Alisema ukanyagaji ndicho kitu pekee ambacho mtu amewahi kumsifia maishani, ukiacha maharage. Naye Sindano akamwonea huruma, akawa anakunja kiuno na kukunja tena, bila kufikiria mawe hata siku moja.

Sasa Tani alikuwa juu anakanyaga ngazi ya mwisho, amejifunga suruali ya pili kwa kamba ya katani, kwa kuwa ya kwanza iko kwa fundi. Aliruka katikati, sawa. Akaruka kushoto, sawa. Aliporuka kulia kamba ikakatika, na suruali ikashuka hadi vifundoni bila kugusa popote, mbele ya kiongozi wa kikundi, muuguzi mstaafu aliyepima uzito wa watu kwa muda mwingi kuliko alivyokaa na mume wake.

Muuguzi hakutazama mengine. Alitazama kiuno. Akashuka na Tani mpaka chini, mmoja kashika shati na mwingine kashika suruali, akamsimamisha kando ya Kimya, akamzunguka.

"Umekuwa hivi tangu lini?" aliuliza.

Tani alianza kulia. Alikiri yote pale pale, suruali na kamba na siri, na alipofika kwenye siri akamtazama Sindano, na wote wakamtazama Sindano, Shangazi akiwa wa kwanza. Basi Sindano naye akasema, ndiyo, nilijua, nimeikunja mara nyingi, sikuwaza kama inahusiana na mawe. Muuguzi alikaa juu ya gogo. Alisema hawezi kumwambia mama mwenye ndoo ya maji kichwani akanyage jiwe lililopimwa na mtu aliyepungua. Itabidi ngazi zote zirudiwe kukanyagwa leo, na kama hapatikani mtu mzito, kesho hakuna makabidhiano, na wageni waalikwa watarudishwa makwao.

Halafu akainua uso kutafuta mtu mzito.

Siwezi kusema nani aliangalia wa kwanza. Najua tu kwamba macho ya wote yalianza kuzunguka, yakafika mahali, yakaruka haraka kwenye miti. Maana alikuwepo mtu mzito pale. Alikuwepo mtu ambaye Tani katika enzi zake angempisha. Alikuwa amesimama katikati ya njia na mkoba wake kwapani, amefura kwa hasira, na alikuja kumchukua mtoto wake. Muuguzi akakohoa. Tani akafunga kamba. Sindano aliomba ardhi ipasuke immeze yeye kwanza kabla mtu hajafungua mdomo.

Kimya akafungua mdomo.

"Mama," alisema, "tunahitaji uzito wako."

Sindano alifumba macho. Yamekwisha, alijiambia, hayo ndiyo mapenzi yangu, yanakwenda kuzikwa chini ya mawe haya haya.

"Umesemaje wewe?" Shangazi aliuliza.

Mtu mwenye akili angegeuza maneno. Angesema tunaomba utufungulie njia, wewe mgeni wetu wa heshima. Muuguzi alikuwa ameanza kusema kitu cha namna hiyo. Lakini Kimya hakuwa na maneno ya akiba. Alirudia kama alivyosema, kisha akaeleza sheria, na Tani, na akina mama wenye ndoo. Akamaliza hivi, "Hapa tulipo, mwenye uzito wa kufaa ni wewe peke yako. Sisi wote hatufai."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. Nanyi mjue kwamba huyu ni mwanamke ambaye makondakta humdai nauli ya viti viwili, na wapiga picha za harusi humsogeza pembeni, na mawifi zake, kila wakikutana, humwambia habari za ndimu na maji ya moto kabla hawajamwambia karibu. Sindano alikuwa ameyaona hayo yote tangu utotoni. Aliwahi kumwona Shangazi anacheka nao barazani, kisha anaingia ndani kufunga mlango. Na sasa alimwona anafanya kitu ambacho hakukitarajia. Alimpa mkoba.

"Nishikie," alisema. Akavua viatu, akavipanga pembeni, akafunga kanga kiunoni. "Nioneshe jiwe la kwanza. Na wewe, usiyejua kusema na wakubwa, panda pamoja nami. Nina maswali."

Wakapanda. Shangazi aliruka katikati, akaruka kushoto, akaruka kulia, na kila jiwe likitulia aliuliza swali, na jibu lisipomridhisha aliruka tena. Aliuliza wazazi wake wako wapi. Wapo wote wawili, alijibu Kimya, na wanagombana kila siku kuhusu redio. Aliuliza kwa nini anaacha tanuri lake. Kwa sababu msimu huo mikate hainunuliwi sana, na mdogo wake anatosha, na yeye hupenda kutengeneza kitu ambacho hakiliwi. Shangazi alilifikiria hilo jibu kwa jiwe zima. Aliuliza kama anakunywa. Chai, alisema Kimya. Aliuliza kama amewahi kuwa na mke. Hakuwahi. Kwa nini? Hakuna aliyengoja mpaka amalize sentensi.

Nyuma yao, Sindano alibanwa na kicheko na kilio kwa pamoja, ameukumbatia mkoba kifuani. Muuguzi alifuata na chokaa, akitia alama. Tani alifuata na suruali yake.

Waliipita nusu ya njia. Shangazi alikuwa anatoa jasho, lakini uso wake ulikuwa umefunguka, na alishaanza kuyasemesha mawe yenyewe: wewe mzuri, wewe tulia hapo hapo. Ndipo wakafika kwenye kona, penye mti mkubwa ulioegemea njia, na Sindano akaliona jiwe lile kabla ya wengine. Lilikuwa jiwe waliloshika wawili, kesho yake ile jioni ya ndoo na sabuni.

Shangazi aliruka katikati, likatulia. Aliruka kushoto, likatulia. Aliruka kulia, na jiwe likainuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria. Alipepesuka, akatafuta cha kushika, akapata sikio la Kimya. Kimya hakupiga kelele. Alisimama imara kwa sikio lake mpaka Shangazi alipopata nafasi ya kuweka miguu.

"Hili nani kalipanga?" Shangazi aliuliza akihema.

Tani alikuwa keshaanza kujinyooshea kidole, kwamba ni kosa la mkanyagaji. Sindano naye alitaka kusema ni yeye, alishika upande ule. Kimya aliwatangulia.

"Mimi."

"Mengine yote yamekaa. Hili lina nini?"

"Siku hiyo nilikuwa silitazami."

"Ulikuwa unatazama nini?"

Kimya aligeuza uso, sikio jekundu kama nyanya, akamtazama Sindano. Alimtazama mbele ya watu wote, mbele ya Shangazi mwenyewe, bila haraka na bila aibu, na Sindano alisahau kwamba ana mkoba, ukadondoka. Alimpenda. Na jua lilikuwa limeshapita utosini, na chini kule lori lilikuwa linapakiwa.

Shangazi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Halafu akakaa juu ya mzizi wa ule mti, akajipepea kwa ncha ya kanga.

"Ling'oeni," alisema. "Wenyewe wawili, kama mlivyolipanga. Nataka nione."

Wakashika mtaimbo pamoja, wakalibinua. Wakasafisha shimo, wakapiga kokoto upya, magoti kwa magoti, vichwa vinakaribia kugongana. Sindano alijifanya anatafuta jiwe dogo ili ainamishe uso.

"Akisema twende, nitakwenda," alinong'ona. "Unajua."

"Najua," alisema Kimya.

"Huna la kumwambia? Hata moja?"

Kimya aliweka kokoto, akaipiga, akaijaribu kwa kidole gumba. "Nitakufuata," alisema. "Lakini nitamalizia hili kwanza, ili asidhani huwa naacha vitu nusu."

Mkono wa Sindano ulikuwa chini ya jiwe, na mkono wa Kimya ulikuwa pale pale, na waliliachia polepole, pamoja, likashuka, likaingia mahali pake kwa sauti nzito. Kimya alilisukuma kwa bega. Tani alilisukuma. Muuguzi alilipiga kwa nyundo, akasema hili sasa hata tetemeko halina lake.

Shangazi akainuka. Alipanda juu ya jiwe taratibu, akajiweka sawa. Akaruka katikati. Akaruka kushoto. Kulia aliruka mara mbili, kwa nguvu ambazo ziliangusha majani mtini. Jiwe halikusema kitu. Sindano aliyekuwa amepiga magoti kando yake, kiganja juu ya ardhi, hakusikia hata mchanga ukisogea. Kazi imekwisha, alijiambia. Na kazi ikiisha, hana sababu ya kubaki. Machozi yakamlenga.

Shangazi alibaki amesimama, kidevu juu, akiitazama miti.

"Linatikisika," alisema.

Muuguzi alishusha kopo la chokaa. "Mama, hapana, hili limekaa. Nimeona kwa macho yangu."

"Nani mkanyagaji hapa, wewe au mimi?"

Sheria ni sheria. Muuguzi akamtazama Shangazi, akamtazama Sindano aliyepiga magoti, akafunga kopo lake la chokaa. Akasema kweli, ukilitazama vizuri, lina kasoro.

"Ndogo tu," alisema Shangazi. "Watu wa kesho wapite, halitawadhuru. Lakini kulitia alama, bado. Linahitaji kuangaliwa kwa muda, na waliolipanga ndio waliangalie. Mimi sijamfundisha mtoto wangu kuacha kazi njiani." Akamgeukia Kimya. Sauti ilikuwa kali, ila jicho lilikuwa limelowa. "Na wewe. Msimu ukiisha utaniletea taarifa ya jiwe hili, nyumbani kwangu. Uje na baba yako na mama yako, redio yao waiache. Wao ndio watasema, kwa sababu wewe ukisema tutagombana."

"Ndiyo," alisema Kimya. Akafikiri. "Ndiyo, mama."

"Shangazi," alisema Shangazi.

Kisha akamshika Sindano uso kwa mikono miwili, akampangusa mashavu kwa vidole gumba, kama alivyomfanyia siku ya kwanza shuleni, akamwambia ale, amekuwa kama uzi. Akamalizia mawe yaliyobaki hadi juu bila kuacha hata moja, akanawa uso kwenye maporomoko, akasema lori halimsubiri mtu. Walitaka kumsindikiza wote, akakataa. Akateremka peke yake, peku, mkoba kichwani, akiimba kitu kwa puani. Walimtazama kutoka juu akifika kwenye kona ya ule mti. Hakushika tawi, hakutafuta pa kukanyaga. Alilikanyaga lile jiwe kwa upande wa kulia, na uzito wake wote, akaendelea na wimbo wake.